Uchambuzi wa kisa: kaseti 46 za The Blue Nile na mashabiki waliotaka kuziokoa haraka

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya yeyote anayetunza rekodi za zamani za msanii anayempenda. Majina ya wahusika, mji wao na maktaba iliyohusika vimeondolewa. Jina la bendi limeachwa, maana bila kuijua bendi huwezi kuelewa kwa nini watu wazima watano walihangaika miezi kumi na moja na sanduku moja la kaseti.

Usuli: bendi yenye nyimbo 33

The Blue Nile ilianza Glasgow, Scotland, mwaka 1981. Walikuwa watatu, wote wamepita chuo kikuu cha mji huo: Paul Buchanan mwimbaji, Robert Bell wa besi na Paul Joseph Moore wa kinanda. Jina walilitoa kwenye kichwa cha kitabu kinachohusu Nile ya Bluu, ule mto unaotoka Ziwa Tana, Ethiopia, na kukutana Khartoum na Nile Nyeupe tunayoijua sisi tangu Jinja. Zaidi ya jina hilo, muziki wao hauna uhusiano na Afrika. Ni muziki wa mji wa mvua, taa za barabarani na mtu anayerudi nyumbani usiku akiwa na jambo moyoni.

Albamu ya kwanza, *A Walk Across the Rooftops*, ilitoka 1984. Waliirekodi Castlesound, studio iliyokuwa Pencaitland, wakiwa na fundi wa sauti Calum Malcolm. Iliyoitoa ni kampuni ya Linn ya Glasgow, watengenezaji wa kicheza santuri cha LP12. (Watu wengi huichanganya na Linn ya Marekani iliyotengeneza mashine ya ngoma, ni kampuni mbili tofauti.) Ilifika nafasi ya 80 tu kwenye chati ya Uingereza. Ya pili, *Hats*, ilichukua miaka mitano, ikatoka 1989 na kufika nafasi ya 12. Baada yake ikaja *Peace at Last* mwaka 1996, halafu *High* mwaka 2004. Basi. Nyimbo saba, saba, kumi, kisha tisa: jumla 33 katika miaka ishirini.

Kwa hesabu ya biashara hiyo ni bendi ndogo. Kwa mashabiki wake ni jambo jingine kabisa, na sababu inasikika. Bendi nyingi za miaka ya themanini zilijaza kila sekunde ya wimbo kwa kinanda na ngoma za mashine. Hawa waliacha nafasi. Sikiliza "Easter Parade" kwenye albamu ya kwanza: piano inagonga, inaachwa ikafie yenyewe, na sauti ya Buchanan inaingia kama mtu aliyesita mlangoni. Kile kimya kilichobaki katikati ni sehemu ya utunzi. Msomaji akishike hicho kimya, kwa sababu ndicho kilichoharibiwa baadaye katika kisa hiki.

Hadi *Hats* inatoka, bendi ilikuwa haijawahi kufanya ziara. Ziara ya kwanza ilikuwa 1990. Kwa hiyo shabiki aliyeingia ukumbini mwaka huo na kinasa sauti mfukoni alikuwa akinasa kitu ambacho hakikuwahi kusikika, cha bendi ambayo haikuwa na haraka ya kurekodi tena. Kaseti hizo zilipita mkono kwa mkono kwa njia ya posta. Aliyekuwa nazo alinakili nyumbani kwa deki mbili, akaandika tarehe kwenye karatasi ya ndani, akatuma.

Mhusika wa kwanza wa kisa chetu alikuwa mmoja wa wanakili hao. Alikusanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipofariki, sanduku lake lilimfikia mpwa wake, ambaye si shabiki lakini alijua kwamba shangazi yake alilithamini kuliko samani zote za nyumba ile. Alilikabidhi kwa kikundi cha mashabiki watano mwanzoni mwa 2024, kwa sharti moja: kaseti zisitupwe.

Kilichokuwemo

Kaseti zilikuwa 46: C90 thelathini na tisa, C60 tano na C120 mbili (namba ni dakika za pande zote mbili). Zaidi ya nusu zilikuwa maonyesho yaliyonaswa kutoka kwenye viti vya watazamaji. Zilizobaki zilikuwa vipindi vya redio, mahojiano, na nakala za nakala. Sanduku lilikaa darini kwenye baridi. Kaseti mbili zilikuwa na ukungu mweupe kwenye kingo za utepe.

Kuzicheza zote mara moja, bila kusimama, ni saa 67 na nusu. Kikundi kilikadiria kwamba kazi ingeisha kwa wiki sita. Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba muda wa kucheza ndio muda wa kazi.

Mwezi wa kwanza: kaseti 12 za mwanzo

Mwanachama mmoja, mwenye ujuzi wa kompyuta na mapenzi makubwa kwa bendi, alijitolea kuanza. Alikuwa na deki nzuri ya kawaida ambayo haikuwa imefunguliwa kwa miaka. Alifanya yafuatayo kwa kila kaseti: aliitoa kwenye kasha, akaicheza, akairekodi kwenye kompyuta kwa kilohezi 44.1 na biti 16, akapitisha programu ya kuondoa ile shhh ya utepe, akahifadhi matokeo juu ya faili lile lile, akaenda kwenye kaseti inayofuata.

Kila hatua ina mantiki yake ukiitazama peke yake. Kilohezi 44.1 na biti 16 ndicho kipimo cha CD. Shhh inaudhi. Kufuta faili ghafi, lile la kabla ya kusafishwa, kunaokoa nafasi. Matatizo yalikuwa manne, na yalijitokeza moja baada ya jingine.

La kwanza ni makasha. Alipokuwa akizitoa alizipanga mezani, na kaseti sita zikapoteza makasha yake. Kaseti nyingi za mkusanyaji hazikuandikwa chochote kwenye plastiki. Maelezo yote yalikuwa kwenye karatasi ya ndani. Picha 46 za simu kabla ya kugusa chochote zingemaliza jambo hilo kwa nusu saa.

La pili ni hedi, kipande cha deki kinachosoma utepe. Hedi ya deki ilikuwa na uchafu wa kahawia wa tepe za zamani, na hakuna aliyeisafisha. Trebo, yaani sauti za juu, ilikuwa imepungua kwenye kaseti zote 12, wenyewe wakidhani ni uzee wa utepe.

La tatu ni pembe ya hedi, tutakayoieleza chini.

La nne, na ndilo zito, ni usafishaji. Programu ya aina hii huomba sekunde moja au mbili za kimya, inajifunza sura ya shhh, halafu inaipunguza kila mahali. Kwenye muziki uliojaa ngoma na magitaa husikii tofauti kubwa. Kwenye muziki wa The Blue Nile, ambako noti ya piano inaachwa izame polepole hadi ikutane na shhh, programu haijui noti inaishia wapi na kelele inaanzia wapi. Inakata vyote. Noti inakufa ghafla kana kwamba mtu ameiwekea mkono, na mahali pake panabaki vile visauti vya majimaji kama kengele ndogo ndani ya bomba. Pumzi ya mwimbaji kabla ya mstari nayo inapotea. Ukumbi unapotea.

Aliyegundua alikuwa mwanachama mwingine, mpiga piano, alipotumiwa faili la wimbo wa taratibu wa piano na sauti. Alisikiliza mara mbili akauliza watu ukumbini wamekwenda wapi. Hapo kazi ikasimamishwa.

Aprili 2024: shinikizo kutoka nje

Wakiwa wamesimama hivyo, Taylor Swift akaitaja bendi hii katika wimbo mmoja wa albamu yake ya Aprili 2024. Ghafla watu ambao hawakuwa wamezaliwa *Hats* ilipotoka walikuwa wakitafuta kila kitu cha The Blue Nile. Wawili katika kikundi walitaka kuzitoa rekodi za maonyesho mara moja mtandaoni: ndio wakati, walisema, watu hatimaye wanasikiliza. Hoja hiyo ina uzito. Shabiki aliyekaa miaka thelathini na tano akiwaeleza watu kuhusu bendi isiyosikilizwa ana haki ya kufurahi mlango unapofunguka.

Kikundi kilijadili jioni mbili kikapiga kura: wanne dhidi ya mmoja, zisitolewe. Sababu walizoandika zilikuwa tatu. Kwanza, sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988 inampa mtumbuizaji haki juu ya rekodi ya onyesho lake, na mpwa alirithi plastiki na utepe, hakurithi muziki. Pili, bendi hii ilijulikana kwa kutotoa kitu hadi kiwaridhishe wenyewe. Kuwatolea mbele ya watu kilichonaswa mfukoni mwa koti si kuwaheshimu. Tatu, rekodi zenyewe zilikuwa bado mbaya. Msikilizaji mpya angekutana na bendi kupitia sauti iliyokatwa, yenye mwendo usio sahihi, na asirudi tena.

Walichotoa badala yake ni orodha: kaseti gani ipo, inadhaniwa ni ya lini, ina urefu gani, imetoka kinasa kipi. Bila sauti hata sekunde moja. Orodha hiyo ilileta msaada mkubwa kuliko walivyotarajia, maana watu waliokuwepo kumbini walianza kusahihisha tarehe.

Kuanza upya: utaratibu wa pili

Utaratibu huu tunaueleza kwa kirefu kwa sababu unafaa kaseti yoyote, iwe ya pop ya Scotland au ya taarabu iliyonaswa harusini Mombasa.

*Kabla ya kucheza.* Piga picha kasha, karatasi pande zote, na kaseti. Kisha vunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili hakuna kitufe kitakachorekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kaseti zilizotoka kwenye baridi zikae chumbani saa 24. Tazama kisponji au kipande cha kitambaa laini kilicho nyuma ya utepe, kile kinachousukuma kwenye hedi: gundi yake hukauka na kisponji hudondoka, na bila hicho sauti inakuja na kupotea. Kaseti saba zilikuwa zimepoteza visponji vyao.

*Deki.* Hedi, kapstani (kijiti cha chuma kinachovuta utepe) na rola ya mpira inayoubana hapo zilisafishwa kila baada ya kaseti tatu. Hedi na kapstani kwa vijiti vya pamba na isopropili, pombe ya kusafishia, ya asilimia 99. Rola kwa maji yenye sabuni kidogo, maana pombe kali hukausha mpira na mpira mkavu huteleza kisha huvuta utepe ndani.

*Kuhamisha kaseti.* Kaseti zenye skrubu tano hufunguka kwa bisibisi ndogo. Zisizo na skrubu lazima zipasuliwe kwenye mshono, na utepe uhamishiwe kwenye ganda jipya la skrubu. Hapa pana mtego ambao ulikinasa kikundi. Kaseti moja ya kromu ilihamishiwa kwenye ganda la kaseti ya kawaida, na ilipochezwa ilisikika angavu kuliko zote. Walifurahi. Siku mbili baadaye mmoja akagundua kwamba ganda la kromu lina mashimo ya ziada mgongoni ambayo deki huyatumia kujua aina ya utepe. Ganda la kawaida halina, kwa hiyo deki ilitumia mizani ya trebo ya mikrosekunde 120 badala ya 70, na trebo ikapanda kwa zaidi ya desibeli nne. Uangavu ule haukuwa wa bendi. Walitafuta ganda la kromu wakarudia.

*Pembe ya hedi.* Hiki ndicho kilichobadilisha matokeo kuliko kingine chochote. Hedi lazima isimame wima kabisa kwa utepe. Ikiinama hata kidogo, trebo inazama, na kila kinasa kilichotumika mwaka 1990 kilikuwa kimeinama kwa namna yake. Kwa hiyo hakuna pembe moja sahihi kwa sanduku zima. Kuna pembe ya kila kaseti, na mara nyingine ya kila upande. Nakamichi Dragon ilijirekebisha yenyewe, lakini bei yake ilikuwa nje ya uwezo wao. Walitumia skrubu yenye springi iliyo kando ya hedi ya deki ya kawaida. Kwanza waliweka nukta ya rangi kuonyesha ilipoanzia. Kisha walicheza sehemu yenye makofi, wakaunganisha chaneli mbili kuwa moja, na kuzungusha skrubu kwa robo ya robo hadi makofi yakawa makali kabisa. Makofi yanafaa kuliko muziki kwa sababu yana trebo nyingi na hayana noti ya kukudanganya. Wakati skrubu inapofika mahali pake unasikia pazia likiondolewa. Aliyewahi kulisikia hahitaji kuelezwa zaidi.

*Dolby.* Huu ni mfumo wa kupunguza shhh ya utepe. Unawashwa baada ya pembe tu, kamwe si kabla. Kifaa cha Dolby B hupima trebo kinayoipokea ili kujua kipunguze kiasi gani. Ukikipa trebo iliyozama kwa sababu ya pembe mbovu, kinaizamisha zaidi. Pale karatasi haikusema kama Dolby ilitumika, walijaribu kwa njia zote mbili na kuandika waliyoichagua.

*Kurekodi.* Kilohezi 96, biti 24, kilele kisizidi desibeli 6 chini ya kikomo. Dakika 90 huchukua takriban gigabaiti 3.1, na sanduku zima gigabaiti 140, kiasi kinachoingia kwenye diski ya bei ndogo. Faili ghafi halikuguswa. Kila faili lilipewa alama ya uhakiki ili ikibadilika biti moja ijulikane. Nakala tatu, nyumba mbili tofauti na ya tatu nje ya mji.

Kaseti isiyo na kasha

Kati ya kaseti sita zilizopoteza makasha, moja ilizua mjadala. Ilibakiwa na makasha mawili yanayowezekana: onyesho la Uingereza na onyesho la Marekani, yote ya 1990. Mwimbaji hakutaja mji popote.

Aliyelitatua alitazama spektogramu, picha inayoonyesha masafa ya sauti, ya sehemu ya chini kabisa, chini ya besi, katika mapumziko kati ya nyimbo. Umeme wa Uingereza unavuma kwa hezi 50, wa Marekani kwa 60, na mvumo huo huvuja kupitia vipaza sauti vya jukwaani hadi kwenye kinasa. Alikuta mistari miwili. Mmoja ulinyooka kwenye 50.1. Wa pili ulianzia 60.4 na kupanda taratibu hadi 62.1 mwisho wa upande.

Kwanza alisimamisha utepe, ili kuhakikisha kwamba mstari wa 50.1 si mvumo wa deki yake mwenyewe. Ulitoweka, kwa hiyo ulikuwa ndani ya utepe. Sasa picha ilisomeka yote. Onyesho lilinaswa Marekani kwa kinasa cha betri. Betri zilivyochoka, kinasa kilipunguza mwendo, na utepe ulionaswa polepole ukichezwa kwa mwendo wa kawaida hupanda. Ndiyo maana mstari wa 60 unapanda. Ule wa 50 ulionyooka ni alama ya deki ya nyumbani, yenye umeme wa ukutani, iliyotoa nakala hii baadaye Uingereza.

Mstari ule ulitoa na dawa. Kutoka 60.4 hadi 62.1 maana yake rekodi inaanza ikiwa juu kwa asilimia 0.7 na kumaliza ikiwa juu kwa asilimia 3.5, zaidi ya nusu ya nusu-toni. Kwenye nakala ya kazi, si kwenye faili ghafi, waliweka alama kila sekunde 30 na kurudisha mstari kwenye 60. Walipima kwenye 120, mara mbili ya mvumo, kwa sababu kosa linaonekana kubwa maradufu. Sauti ya Buchanan, iliyokuwa nyembamba na yenye wasiwasi kuelekea mwisho, ilirudi kifuani mwake.

Hasara

Kaseti 11 kati ya zile 12 za mwanzo zilirekodiwa upya bila tatizo. Ya kumi na mbili ilikuwa C120.

Utepe wa C120 una unene wa takriban mikroni 9, nusu ya ule wa C60. Ulikuwa umepita salama mara ya kwanza. Mara ya pili, rola ikiwa imeanza kukauka na bado kaseti moja kufika zamu ya kusafishwa, utepe ulijizungusha kwenye kapstani. Hadi mtu anafikia kitufe, takriban mita tatu zilikuwa zimekunjamana na kunyooka kama uzi wa mpira. Kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, mita tatu ni dakika moja na sekunde tatu.

Dakika hiyo ilikuwa mwisho wa ule wimbo wa piano, uleule ambao mpiga piano aliuliza watu wamekwenda wapi. Utepe uliunganishwa, lakini sehemu ile haichezeki. Iliyobaki duniani, kwa kadiri ya sanduku hili, ni nakala ya kilohezi 44.1 iliyosafishwa, yenye noti zilizokatwa mikia.

Matokeo

Miezi kumi na moja baadaye: kaseti 41 zimehifadhiwa zote, tatu kwa sehemu, mbili hazikuchezwa. Kati ya tatu za sehemu, moja ni ile C120, nyingine mkusanyaji mwenyewe alirekodi kipindi cha redio juu yake miaka mingi iliyopita, na ya tatu ilikuwa ikimwaga unga wa kahawia kila sentimita. Moja ya zisizochezwa ina ukungu uliopenya kati ya tabaka. Kaseti ya pili yenye ukungu ilikuwa nao kingoni tu, ikapanguswa nje na kupona. Nyingine isiyochezwa hulia kwa mlio mkali na kusimama. Mmoja alipendekeza kuioka kwenye jiko, kama inavyofanywa kwa baadhi ya tepe kubwa za studio. Walikataa, na walifanya vyema. Kuoka ni dawa ya gundi ya aina fulani ya tepe za studio, kwa joto dogo linalosimamiwa kwa saa nyingi. Kaseti ya plastiki kwenye jiko la nyumbani hujikunja kabla utepe haujapona.

Kaseti zote, faili ghafi na karatasi za maelezo zilikabidhiwa maktaba yenye hifadhi ya sauti, kwa masharti kwamba zisikilizwe humo ndani tu na zisinakiliwe. Mpwa alisaini kama mwenye mali.

Uchambuzi

Ni rahisi kumlaumu aliyeanza. Lakini alifanya alichoomba moyo wa kila mmoja wao: kuisikia bendi bila kelele, na kuisikia leo. Kosa lilikuwa la kikundi kizima, kwa kumpa mtu mmoja kaseti bila kukubaliana kwanza jambo moja: faili ghafi linabaki. Hilo moja tu lingeokoa dakika iliyopotea. Hata hedi chafu na pembe mbovu, ghafi lingebaki na mkia wa noti na pumzi za watu, na mtu mwenye zana bora angelifanyia kazi baada ya miaka kumi. Shhh si uharibifu. Ni chumba ambamo sauti ndogo imekaa, na ukibomoa chumba unamtoa na aliyemo.

Zamu ya kusafisha kwa kuhesabu kaseti nayo ilikuwa dhaifu. Kaseti tatu za utepe mzuri haziachi uchafu sawa na tatu zinazomwaga unga. Baada ya hasara walibadili: rola inatazamwa kabla ya kila kaseti, na tepe nyembamba zinachezwa kwanza asubuhi, deki ikiwa imetoka kusafishwa, mtu akiwa amekaa mkono karibu na kitufe muda wote.

Kilichofanya kazi kuliko tulivyotarajia ni orodha isiyo na sauti. Iliwapa mashabiki wa zamani kazi ya maana na wapya njia ya kuingia. Wengi wa wapya waliofika baada ya Aprili 2024 walielekezwa kwenye albamu nne zenyewe, ambazo zinapatikana na zinasikika jinsi waliozitengeneza walivyotaka. Kijana anayeanza na *Hats* kwenye spika nzuri, taa zimezimwa, anapata bendi nzima. Anayeanza na kaseti ya mfukoni anapata uvumi wake.

Kura ya wanne kwa mmoja haikumaliza ubishi, na aliyeshindwa hajabadili msimamo. Anaamini rekodi ambayo watu hawaruhusiwi kuipeleka nyumbani imezikwa mara ya pili. Hoja yake imeandikwa kwenye karatasi za maelezo pamoja na nyingine, kwa ombi lake, na hilo ni sahihi; mtunzaji wa baadaye, haki zikibadilika, atajua kwamba suala lilijadiliwa na nani alisema nini.

Dakika iliyopotea ina folda yake. Ndani yake mna faili la biti 16, picha ya utepe uliokunjamana, na zile mita tatu zenyewe zimezungushwa kwenye kigurudumu kitupu cha kaseti, ndani ya bahasha ya karatasi. Kwenye bahasha wameandika tarehe, jina la deki, na neno "usitupe".